Gongo Nililoliacha Kanisani

Kwa karibu miezi minane gongo langu lilining'inia kwenye ukuta wa kanisa letu, upande wa kulia wa mimbari, kwenye msumari mrefu ambao shemasi aliupigilia huku kwaya ikiimba. Chini yake walibandika karatasi yenye jina langu, mtaa wangu wa Mutakura, na mstari wa Maandiko aliouchagua mchungaji. Kila Jumapili niliketi benchi la tatu nikilitazama. Watu walidhani nalitazama kwa furaha. Ukweli ni kwamba nilikuwa nalitamani, jinsi mtu mwenye njaa anavyotamani sahani ya jirani.

Nimeamua kuandika mwenyewe kwa sababu nimechoka kusimuliwa. Wapo wanaosema nilipona kisha nikamkufuru Mungu. Wapo wanaosema sikuwahi kuvunjika, nilikuwa natafuta umaarufu tu. Wote hao walikula pilau yangu.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu katika shule ya msingi hapa mtaani. Nina miaka arobaini, sijaolewa, na naishi na baba yangu, seremala, mtu ambaye akisema maneno kumi kwa siku basi amehutubia. Siku moja ya mvua nilipanda pikipiki kumpelekea chakula Mutanga Nord, alikokuwa anafunga milango kwenye nyumba ya tajiri mmoja. Kwenye kona pikipiki iliteleza, ikaniangukia. Mfupa wa muundi wa kulia ukavunjika mara mbili. Nakumbuka ugali na ndagala vilivyomwagika kwenye matope, na nakumbuka dereva akiiokota kofia yake kabla ya kuniokota mimi.

Hospitalini waliniwekea chuma na parafujo ndani ya mguu, wakaniazima magongo mawili. Siku ya kutoka wakayadai. Baba alinitazama nikiruka kwa mguu mmoja mpaka kwenye gari. Kesho yake asubuhi alikuja na gongo la mninga. Alilichonga kutoka kwenye mguu wa kitanda ambacho mteja hakurudi kukichukua. Mahali pa kwapa alipazungushia mpira wa ndani wa baiskeli, na chini alipigilia kipande cha tairi ili lisiteleze. Akaliegemeza mlangoni, akaenda kazini.

Miezi miwili ya kwanza nililichukia. Lilinichubua kwapa, na lilipogonga sakafu ya darasa watoto walijua nimefika kabla sijafika, wakanyamaza, kitu ambacho miaka kumi na saba ya kufundisha haikuwahi kunipa. Baadaye nikalizoea. Nilionyeshea ramani ubaoni. Nilifukuzia mbuzi wa jirani. Mwezi wa tisa nikaanza kuliacha nyuma ya mlango, kwanza nikienda chooni, kisha dukani, kisha siku moja nikafika shuleni bila hilo. Nilichechemea, lakini nilifika. Nililia njiani mbele ya wauza makaa, wala sikuona haya.

Sasa, kwetu mtu akinusurika hakai kimya. Aliyetoka kwenye ajali, aliyepata mtoto baada ya kungoja miaka, aliyetoka gerezani, wote wanafanya shukrani, ambayo kwa Kirundi tunaiita ishimwe. Unatangaza kanisani mapema. Unashona kitenge cha aina moja kwa ndugu wote. Unapika pilau, unaleta kreti za fanta, unasimama mbele na kusimulia ulikotoka mpaka ulipofikia. Na ukishasimulia, jambo limekwisha. Hakuna sherehe ya kurudisha shukrani. Sijawahi kumwona mtu akisimama kanisani kusema: samahanini wapendwa, lile mlilokuja kunishangilia limerudi.

Asubuhi ya shukrani yangu mguu uliniuma karibu na kovu. Si sana. Nilijiambia ni baridi. Bujumbura, baridi! Nikavaa kitenge changu cha bluu, baba akajibana kwenye shati la kitenge hicho hicho lililomkaba shingo, tukaenda.

Nilisema vizuri siku hiyo. Ualimu una faida yake. Nilisimulia pikipiki, nikasimulia parafujo, watu wakalia, kisha nikawachekesha kwa habari ya mbuzi. Nilipomaliza, mchungaji alinikaribia akitabasamu, akaonyesha gongo nililokuwa nimelileta kama kielelezo.

"Na hii bekiye, dada, utairudisha ku nyumba ifanye nini?"

Watu wakacheka. Hakunilazimisha, na nataka hilo lieleweke, kwa sababu wengi wanamlaumu. Ni mimi niliyelinyanyua kwa mikono miwili juu ya kichwa na kusema, "Naiacha hapa. Mi na yeye tumemalizana." Vigelegele vilivyopigwa! Katika miaka yangu yote hakuna aliyewahi kunipigia kigelegele. Sikuwa bibi harusi, sikuwa mama wa mtoto, nilikuwa yule mwalimu anayeketi benchi la tatu. Siku ile nilikuwa mtu, na nilipenda, nikataka kubaki hivyo.

Tulipokuwa tunarudi, baba alifungua kifungo cha shingo, akatembea mpaka karibu na nyumbani.

"Mi nilichonga bekiye ya kutembeleya," akasema. "Sikuchonga picha ya kuweka ku ukuta."

"Lakini sitembelei tena, Baba."

"Mbao haili kitu. Ingekaa tu nyuma ya mulango."

Hayo yalikuwa maneno yake ya siku nzima, na mimi nilikasirika. Nilimwona kama mtu anayenionea wivu kwa vigelegele vyangu.

Gongo likawa na maisha yake. Watu waliligusa wakiingia. Wanafunzi waliligusa kabla ya mtihani, jambo lililonifanya nicheke, maana niliwajua wengine na kazi zao za nyumbani. Wagonjwa waliletwa kutoka mitaa mingine. Na mwezi mmoja baada ya shukrani akaja mama mmoja wa Carama na binti yake.

Binti nilikuwa namjua tayari. Alikuwa mwanafunzi wangu, mwenye miaka tisa, hodari wa hesabu za kutoa, anayecheka akiwa ameziba mdomo. Goti lake la kushoto lilikuwa limevimba kwa miezi kadhaa. Nilikuwa nimemwomba baba amchongee gongo dogo, naye akalichonga kutoka mabaki ya mninga ule ule. Mama yake analima mboga za lengalenga pembeni ya mashamba ya mpunga kule Carama, na asubuhi anaziuza soko la Mutakura. Baba wa mtoto alivuka kwenda Kongo kutafuta kazi, hakurudi. Wako wawili tu.

Baada ya ibada mama huyo alinivuta nyuma ya kanisa.

"Madamu, nionyeshe mahali palivunjika."

Nikapandisha sketi. Akainama, akapitisha kidole juu ya kovu polepole, kama anayesoma.

"Dokta alimupiga radio mutoto," akasema. Ni hivyo tunavyoiita picha ya mifupa. "Alisema turudi kisha wiki mbili. Anasema pengine watakata mguu." Akanitazama. "We ungekuwa mi, ungerudi?"

Jibu nililijua. Mimi nilitembea kwa sababu ya chuma, parafujo, sindano na nesi mmoja mkali aliyenifinya kila nilipokataa mazoezi. Nilijua kabisa. Lakini wanawake wa kwaya walikuwa wanapita, wananitazama, na mimi nilikuwa mwanamke wa gongo.

"Amini tu, Mama," nikasema. "Amini tu."

Hakurudi hospitali.

Maumivu yangu yalirudi kiangazi kilipoingia. Mwanzo yalikuja jioni, kisha mchana, kisha yakaacha kuondoka. Kovu likawa jekundu. Wakati huo mafuta yalikuwa yameadimika mjini, mabasi yamelala kwenye foleni za vituo, na sisi wote tukawa watu wa kutembea. Watu wa Mutakura walinipita wakinisifu. Wakasema, tazama, yule wa gongo, anatembea kuliko sisi! Nami nikacheka nao huku jasho linanitiririka mgongoni.

Baba angenichongea gongo jingine kwa nusu siku. Lakini ningepita nalo wapi? Ndipo nikagundua mwavuli. Tulikuwa na mwavuli mkubwa mweusi wenye mpini wa mti. Angani hapakuwa na wingu hata la dawa, lakini wanawake wengi hapa hujifunika jua, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Nikifika mahali penye watu naufungua. Nikibaki peke yangu naufunga, naukandamiza chini kwa nguvu zote, naukokota mguu. Ncha yake ilitoboa vishimo kwenye vumbi kutoka nyumbani mpaka shuleni. Asubuhi moja niliukuta umepigiliwa kipande cha tairi kwenye ncha. Baba alikuwa ameshaondoka. 

Nesi wa zahanati alilibonyeza kovu, usaha ukatoka. Akasema chuma kimeleta uchafu kwenye mfupa, lazima kitolewe, na mpaka siku hiyo nisiukanyagie mguu, nitembee na gongo. Nikasema sawa. Nikatoka na mwavuli wangu.

Najua msomaji anajiuliza kwa nini. Mimi pia nilijiuliza, kila siku, na kila siku jibu lilibadilika. Siku nyingine nilisema ni kwa ajili ya Mungu, nisimwaibishe. Siku nyingine nilisema ni kwa ajili ya wagonjwa, nisiwavunje moyo. Uongo mtupu. Niliogopa kurudi kuwa yule mwalimu wa benchi la tatu, tena safari hii akiwa kilema na mwongo.

Halafu ikaja Jumapili ambayo sitaisahau hata nikizeeka na kusahau jina langu. Wakati wa shuhuda mama wa Carama alitoka mbele akimshika binti yake mkono. Goti la mtoto lilikuwa limefikia ukubwa wa paipai. Mama alikuwa na lile gongo dogo. Akasema hana pesa za kitenge wala za fanta, na mwanawe bado hajapona, lakini anatanguliza shukrani, ili Mungu aone kwamba yeye hana shaka. Akanionyesha kwa mkono.

"Huyu Madamu aliniambia niamini tu. Mi nimeamini."

Shemasi akalitundika gongo dogo kwenye msumari ule ule, juu ya langu. Vigelegele vikapaa. Mtoto alisimama pale amelishika benchi la mbele, mguu mmoja umenyanyuka kidogo, akitabasamu. Alikuwa ananitazama mimi. Nilikuwa nimeukumbatia mwavuli kama mtoto mchanga, na kitu pekee nilichokifanya ni kumpigia makofi.

Alikuja shuleni wiki hiyo akijishikilia kwenye ukuta. Wiki iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Siku ya Jumatano, saa tisa alasiri, nikafunga darasa na kwenda Carama kwa miguu. Njia ile kwa mtu mwenye miguu mizima ni nusu saa. Mimi nilitumia zaidi ya saa moja.

Nilimkuta peke yake, amelala juu ya mkeka mlangoni, daftari kifuani. Mama yake alikuwa bado shambani. Nikaketi chini, mguu nikaunyoosha. Tukaongea habari za darasa. Nikamwambia hesabu za kutoa zimeharibika tangu aondoke. Akacheka, akaziba mdomo. Kisha akautazama mwavuli kwa muda.

"Madamu, mwavuli yako iko na tairi. Sababu gani?"

Nilimwambia kweli, kwa sababu sikuwa na uongo mwingine tayari.

"Ni yangu ya kutembeleya. Mguu unaniuma."

"Bado?"

"Bado."

"Hata ile siku ulisema umepona?"

"Hata ile siku. Kidogo."

 Inzi walikuwa wanatua kwenye goti lake na hakuwafukuza.

"Na mi pia," akasema. "Mama ananiulizaga kila asubui, mi namwambia siumii. Nilikuonaga ku shule unatembea na unacheka, nikasema na mi nitafanya vile." Akanishika kidole. "Usimwambie, Madamu. Alisha toa shukrani."

Nimefundisha miaka kumi na saba. Nimefundisha kusoma, nimefundisha milima na mito, nimefundisha kunawa mikono. Sijui kama kuna somo langu jingine lililoshika namna ile. Nilikuwa na hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu mwenyewe, sikupata pa kuitupa.

Nikaenda kanisani moja kwa moja. Si mbali na pale. Kwaya ilikuwa inafanya mazoezi, mchungaji alikuwa anapanga viti. Msumari ulikuwa juu na mimi sikuweza kupanda benchi, kwa hiyo nikayaangua magongo kwa mwavuli kama anayeangua mapaipai. Yalidondoka kwa kishindo. Kwaya ikanyamaza katikati ya neno.

Mchungaji akaja mbio. "Dada, unafanya nini? Ile ilisha kuwa ya Bwana."

"Bwana hana mguu mubovu, Mchungaji. Mi ndiye niko nao."

Nikampandishia sketi mbele ya kwaya nzima, nikamwonyesha bandeji na kilichokuwa kinatoka chini yake. Hakuwa mtu mbaya. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeumizwa kweli kweli. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na watu tutawaambia nini?"

"Waambie nilidanganya."

Nikaliweka gongo langu kwapani. Mpira ulikuwa umekauka na kupasuka, vumbi limeujaa. Mguu ukanyanyuka, uzito ukahamia kwenye mti, nikapumua. Sisemi nilipata amani, maana watu wakisimulia habari kama hizi wanapenda kufikia amani. Nilipata mahali pa kuegemea, basi. Hapo ndipo nilipomwelewa baba. Kwa miezi yote ile nilidhani alama ya kushinda kwangu ni kitu nilichokiacha mbele za watu. Nikatoka kanisani nikigonga sakafu kwa kitu nilichorudi kukichukua, nimeshindwa, na kila mtu ameona. Kama nina alama yoyote maishani, ni hiyo, na siitakii kigelegele.

Gongo dogo nililifunga mgongoni kwa kanga. Nilipofika tena Carama, mama alikuwa amerudi, anachambua maharage kwenye ungo, binti yake pembeni. Aliliona gongo langu kwanza, kisha ncha ya lile dogo juu ya bega langu. Akaweka ungo chini.

"Mama," nikasema, "mi sikupona. Nilikudanganya. Mguu wangu unaoza. Na mutoto naye anaumia kila siku, anakuficha. Twende hospitali kesho."

Nilitegemea anitukane. Hakunitukana.

"We imani yako imekwisha," akasema. "Yangu bado."

"Muulize."

Akamgeukia. "Unaumia?"

Mtoto alinitazama kwanza. Nikamwashiria kwa kichwa aseme tu. Akamtazama mama yake.

"Apana," akasema.

Mama akaniangalia kwa ushindi ambao sijawahi kuona wenye huzuni kiasi kile. Kisha, labda ili amalize ubishi, labda kwa sababu naye alikuwa anajua, akanyoosha mkono na kugusa goti kwa ncha ya kidole kimoja. Ni kugusa tu, kama mtu anayejaribu uji kama umepoa. Mtoto alipiga ukelele uliowatoa majirani nje.

Mama hakulia. Alibaki na kidole kile hewani. Baada ya muda akafungua kanga yake, akaanza kuifunga upya kiunoni, taratibu, kama mtu anayejiandaa kwa safari.

Kesho yake tulikwenda watatu. Mama alimbeba mgongoni, mimi nikafuata na gongo, na hakuna gari lililotupita. Tulipumzika mara nyingi. Njia nzima mama hakunisemesha, ila mara moja, niliposhindwa kuvuka mtaro, alinipa mkono bila kunitazama.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya kukosa usingizi. Alipiga picha ya goti, kisha akapiga ya kifua. Akazishika zote mbili dirishani, akakaa nazo kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akasema ni uvimbe mbaya wa mfupa. Akasema mara ya kwanza walipokuja, kukata mguu kungeweza kumwokoa. Sasa umefika kwenye mapafu. Wanaweza kumpa dawa za maumivu, na wangempa za kutosha kama zingekuwepo.

Mtoto alikuwa nje kwenye benchi na gongo lake dogo. Tulimwona kupitia mlango ulio wazi, anamwonyesha mgonjwa mwingine jinsi mpira wa kwapani ulivyofungwa.

Daktari akarudisha picha kwenye bahasha. Hakuwa anatugombeza. Nadhani alitaka tu kuelewa, aandike kwenye faili.

"Iko na miezi karibu saba tangu niliwaambia murudi," akasema. "Mulikuwa wapi muda huu wote?"

Mama alitazama sakafu.  Nikajua kwamba nikimwacha ajibu atajitwisha yeye.

"Tulikuwa tunashukuru, dokta," nikasema.

Alinyanyua kalamu, akangoja niendelee.